Aliletwa



Yako makosa ya kalamu yanayorekebishwa kwa kufuta, na yako mengine ambayo kule kufuta ndiko kosa lenyewe. Ninalotaka kulisimulia leo ni la namna ya pili. Nililitenda mwenyewe, kwa wino mwekundu, katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu, nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili Usoke. Neno nililolikata lilikuwa moja tu: *aliletwa*. Juu yake niliandika: *alikuja*. Silabi nne kwa silabi nne. Mshairi angesema mizani haikupungua. Kilichopungua nilikuja kukijua baada ya majuma matatu, nikiwa nimeketi juu ya kigoda katika ua wa bibi mmoja ambaye jina lake, kwa agizo lake mwenyewe, halitaandikwa hapa.

Kwa asiyeijua Usoke, ni mji mdogo wa wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati, upande wa magharibi ukitoka Tabora kwenda Kigoma. Pande zote ni misitu ya miombo, na ndani ya misitu hiyo mna mizinga ya nyuki, mashamba ya tumbaku, na matunda ambayo watoto huyafuata msimu wake ukifika, furu na ntonga. Bibi wa huko atakukaribisha kwa michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ili viishi hadi mvua nyingine. Wapo wasemao kwamba jina la Tabora lenyewe limetokana na hayo matobolwa, chakula kilichoweza kubebwa njiani bila kuoza. Ikiwa ni kweli, basi mji mkuu wa njia ya misafara uliitwa kwa jina la masurufu ya safari, na sijui jina gani lingeufaa zaidi.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nilikulia mwanzo wa njia ile ambayo Usoke iko ndani kabisa ya bara lake. Utotoni niliwasikia wazee wa mjini wakieleza jinsi Wanyamwezi walivyoingia Bagamoyo kwa maelfu, na pembe za ndovu mabegani, wakiimba, baada ya kutembea miezi. Kwetu sisi Wanyamwezi walikuwa watu wa kufika: hadithi yao ilianza walipoonekana. Hata jina lao, kama wengi wanavyolieleza, walipewa na watu wa pwani, kwa kuwa walitoka upande ule mwezi mwandamo unakoonekana. Nilipopangiwa kazi Tabora vijijini nilikwenda na kamusi mbili, na imani kwamba ninakwenda kuwapa watu Kiswahili. Mzee mmoja jirani yangu, siku ya kwanza tu, aliniamkia, "Mwangaluka," nami nikababaika. Alicheka, akasema, "Mwalimu, ninyi wa pwani mlitupa jina bila kutuuliza. Sasa umekuja kutuuliza?" Kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani ya Mrima utani ni wa siku nyingi, nao ulizaliwa barabarani, kwa hiyo nilicheka pamoja naye. Lakini swali lake lilikaa.

Wazo la kuwarekodi wazee halikuwa langu peke yangu, wala si jipya nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, kusini na mashariki ya nchi, kuwahoji wazee walioiona Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee wale walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na mambo mengi tunayoyasoma leo juu ya vita ile kwa upande wa waliopigana yasingekuwapo kama vijana wale wasingefunga safari. Kabla yao, mwaka 1954, Mathias Mnyampala, ambaye wapenzi wa ushairi tunamkumbuka kwa ngonjera, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, watu wake. Na mbali huko Marekani, katika milima ya Georgia, wanafunzi wa sekondari walianza mwaka 1966 kuwahoji babu na bibi zao juu ya kujenga nyumba za magogo, kufuga nyuki na kuzika wafu, wakatoa jarida lililoitwa Foxfire, na kutoka jarida hilo vikatoka vitabu vilivyosomwa na watu wengi mno. Nikajiambia: ikiwa watoto wa milimani Georgia wameweza, watoto wa Usoke, ambao babu zao walibeba mizigo ya nusu ya Afrika, watashindwaje?

Tuliunda kikundi cha wanafunzi kumi na wawili. Simu hazikuruhusiwa shuleni, kwa hiyo tulitumia yangu kuwa kinasa sauti. Kila Jumamosi wawili wawili waliichukua, wakaenda kwa mzee waliyemchagua, wakarudi jioni. Jumapili waliketi kusikiliza na kuandika katika daftari kubwa la kaunta. Jumatatu daftari lilikuja kwangu, nami nilisahihisha.

Naomba msomaji alitazame vizuri hilo neno la mwisho. Nilisahihisha. Nilikuwa nimewaagiza wanafunzi waandike "kwa Kiswahili sanifu", na kila mzee alipotoka nje ya usanifu nilimrudisha. Mzee aliposema "mwaka wa karanga", nilikata, nikaandika 1947, kwa sababu ndio mwaka ambao mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulianza, na Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mzee aliposema "Wabeligiji walipotufukuzia Wadachi", nilikata, nikaandika Septemba 1916, mwezi ambao jeshi kutoka Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora. Tarehe zangu zilikuwa sahihi. Lakini "mwaka wa karanga" haukuwa mwaka mmoja kwa mzee yule. Ulikuwa ni kipindi chote tangu matrekta yalipofika hadi yalipolala na kutu mpango ulipokufa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ndani ya kipindi hicho ndimo alimooa, akapata ujira wake wa kwanza wa fedha, na akamzika baba yake. Nilichukua maisha ya mtu, nikampa tarakimu nne.

Hata hivyo kazi ilisonga, na mengi yaliyopatikana yalikuwa ya thamani. Mwanafunzi mmoja alileta maelezo ya fundi wa mizinga juu ya kuuchagua mti wa gome zuri. Mwingine alileta habari za wazee waliowasikia baba zao wakisimulia reli ilivyopita, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na jinsi mlio wake ulivyomaliza kazi ya mpagazi ndani ya miaka michache: mzigo uliowahi kutaka vichwa na mabega ya mamia ya watu ukapanda behewani. Wengine walirudi na habari za Mirambo, kama unavyotazamia katika nchi ya Urambo, iliyobeba jina lake. Watoto walishangaa kujua kwamba mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, hata Stanley, aliyekuwa Unyanyembe akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka mbali kusini kabla ya kufika ziwani. "Kumbe hapa petu ndipo palipofungwa!" alisema kijana mmoja, kwa fahari ambayo kitabu cha darasani hakijawahi kumpa.

Msichana ninayetaka kumwelezea alikuwa mkimya, mwenye mwandiko mdogo uliolala upande. Alikwenda kwa bibi yake mzaa baba, mwanamke aliyekuwa amekwisha kupita miaka themanini. Rekodi yake ilikuwa ya dakika arobaini. Sehemu kubwa ilikuwa juu ya mwaka wa karanga, jinsi bibi akiwa msichana alivyouza maji na maembe kwa vibarua. Karibu na mwisho, mjukuu alimuuliza ukoo wao ulitoka wapi. Bibi alisema maneno machache, ambayo msichana aliyaandika kama yalivyo: *Bibi yangu mimi aliletwa. Aliletwa mdogo. Alikaa hapa, akazaa hapa, akafia hapa.*

Niliposoma, sikio langu la mwalimu liliudhika. Aliletwa, aliletwa: takriri isiyo na kazi. Na kauli ya kutendwa bila mtenda. Nilikuwa nimewafundisha darasani kwamba sentensi nzuri hupendelea kauli ya kutenda, yenye nguvu na uwazi. Nikakata. Nikaandika: *Bibi yangu alikuja akiwa mdogo. Aliishi, akazaa na kufariki hapa.* Nikaweka alama ya vema. Nikageuza ukurasa.

Tulikuwa na desturi moja njema, nayo ndiyo iliyoniokoa: kila mzee alisomewa maandishi yake kabla hayajanakiliwa safi. Jumamosi hiyo mwanafunzi mwenzake aliumwa, kwa hiyo nilimsindikiza msichana mimi mwenyewe. Tulifika asubuhi. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe, akipepeta mahindi kwa ungo. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatupa vigoda. Mjukuu alisoma. Bibi alisikiliza akiendelea kupepeta, na mara nyingine akacheka, akisema, "Ndivyo, ndivyo." Kisha tukafika pale.

Ungo ulisimama.

"Nani kakwambia alikuja?" bibi aliuliza.

Msichana alinitazama. Mimi nilikitazama kitabu.

"Nilisema aliletwa," bibi akasema. "Mama yako alikuja hapa. Alitoka Sikonge, akaolewa hapa, alikuja. Mwalimu wako alikuja, alipanda gari moshi. Bibi yangu hakuja. Aliletwa."

Nilikuwa nimefundisha uambishaji kwa miaka tisa. Nilikuwa nimeandika ubaoni, mara zisizohesabika, *leta, letwa, piga, pigwa, uza, uzwa*, nikiwauliza watoto kiambishi cha kutendwa ni kipi, nao wakijibu kwa pamoja. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya konsonanti ile moja nyembamba, *w*, anaweza kukaa mtoto mzima wa kike, aliyetembezwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi nchi asiyoijua.

Msichana alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, aliletwa na nani?"

Bibi alinyamaza muda mrefu. Treni ya mizigo haikupita, jogoo hakuwika. Sina cha kuujazia ukimya ule. Kisha akasema, "Na njia."

Sitaki kulichezea jibu hilo, lakini blogu hii ni ya watu wa lugha na nina hakika mmekwisha kuliona. Kiunganishi *na* katika Kiswahili hutaja mtenda katika kauli ya kutendwa, na hutaja pia mwenzi wa safari. Aliletwa na njia: njia ndiyo iliyomleta, au alifika pamoja nayo, kama kitu kimoja cha vitu vilivyopita juu yake. Sarufi ilimpa bibi nafasi ya mtenda, naye hakutaka kuweka jina la mtu katika nafasi hiyo. Pengine hakulijua. Pengine waliomleta walikuwa wengi, mmoja akipokea kwa mwingine, na hata wajukuu wa mmoja wao wako palepale kijijini. Kauli ya kutendwa, niliyokuwa nikiwaonya watoto kwamba ni dhaifu, ndiyo kauli pekee iliyoweza kusema kweli bila kuwasha moto.

Aliendelea taratibu. Bibi yake hakusimulia mengi. Alikumbuka maji mapana, na mtumbwi, na mwanamke mwingine aliyemshika mkono. Alikatazwa lugha yake hadi ikamtoka. Jambo moja alilishikilia maisha yake yote: katika ua wake mbuzi hakufungwa kamba shingoni. Mtoto aliyemfunga mbuzi shingoni alichapwa. Mbuzi alifungwa mguu.

Msichana aliweka kalamu chini. "Sisi bado tunawafunga mguu," alisema. "Nilidhani ni namna tu ya kufunga."

Tuligeuka sote watatu kumtazama mbuzi aliyekuwa kando ya ukuta. Kamba ya katani ilikuwa mguuni, juu ya kwato, imefungwa kwa kifundo kilicholegezwa vizuri. Mimi naye huyo mtoto tulikuwa tumetumia miezi mitatu kutafuta historia kwa kinasa sauti.

Nirudi nyuma kidogo, ili msomaji kijana apate pa kuliweka jambo hili. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini bara biashara haikufa siku hiyo. Watu waliendelea kuchukuliwa, kugawanywa na kubakishwa njiani, wengine wakiwa wajakazi na wake wa daraja la chini katika nyumba za Waarabu, za Waswahili na za Wanyamwezi wenyewe. Katika nchi nzima ya Tanganyika hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922 tu, chini ya utawala wa Waingereza. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe, alitusimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maneno yake yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa habari za kwanza za maisha ya mtu kuandikwa kwa lugha yetu, na kila mwanafunzi wa fasihi hana budi kuisoma. Lakini fikiri: aliyekwenda alipata kitabu. Aliyeletwa alipata kamba mguuni mwa mbuzi.

Na fikiri pia juu ya neno *mtumwa*. Linatokana na kutuma: mtu anayetumwa. Katika shina hilohilo limo *mtume*. Bibi hakulitumia neno hilo hata mara moja, wala mimi sikulitia mdomoni mwake. Hilo nalo lingekuwa kusahihisha.

Ningependa kumaliza hapo, lakini mambo ya kijiji hayamalizwi na mwandishi. Siku nne baadaye baba mdogo wa msichana alikuja kwangu. Alikuwa mtu wa heshima, mkulima wa tumbaku, na alikaa muda kabla ya kusema lililomleta. Alisema amesikia tunaandika kitabu. Akaniuliza kama najua kwamba shamba lao linapakana na la watu ambao kwa miaka wanautafuta mpaka. "Siku moja, Mwalimu, mtu atasimama kwenye baraza la kijiji aseme: hawa si wa hapa, hata kitabu cha shule kinasema. Utakuwapo wewe?" Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba mwalimu huhamishwa. Akaendelea, bila hasira: "Na huyu binti ataolewa. Mnataka aolewe na ukurasa huo?" Aliomba ukurasa uchanwe.

Usiku ule sikulala vyema. Nilikuwa nimekwisha kujitwika ushujaa wa mtu anayeirudisha kweli mahali pake: nilikata neno, nikaumbuliwa, nikatubu, sasa nitalirudisha kwa herufi kubwa. Kumbe kulirudisha nako kungeweza kuwa aina nyingine ya kumchukua mtu asikotaka kwenda. Yule mama wa zamani aliletwa bila kuulizwa. Je, nami nimlete tena, safari hii hadi kwenye maonyesho ya shule, mbele ya mgeni rasmi?

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa. Jumamosi iliyofuata tulikwenda tena: msichana, baba yake mdogo, na mimi. Nilimweleza bibi yote, pamoja na habari ya mpaka wa shamba. Nilimwambia daftari ni lake, sauti iliyo ndani ya simu ni yake, na akisema neno moja nitafuta mbele ya macho yake.

Bibi alimgeukia mwanawe kwanza. Alizungumza naye kwa Kinyamwezi, kwa muda, na sikuelewa ila jina la Mungu na neno la shamba. Kisha akasema nami kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Jina lake usiliandike. Langu usiliandike. Ukoo usiuandike. Lakini neno liache. Wakisoma wengine wenye bibi kama huyo watajua. Hapa yeye hakuwa peke yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika daftari lile kuna ukurasa mmoja usio na jina la msimulizi. Kurasa nyingine zote zina jina, umri na kitongoji. Huo una mistari minane tu, na wa kwanza unasema: *Bibi yangu mimi aliletwa.* Takriri imerudi. Mtenda hayupo. Sauti yenyewe niliinakili kwenye kadi moja ya kumbukumbu, nikampa msichana aitunze, kisha nikaifuta kwenye simu yangu. Baba mdogo alisoma ukurasa, akauliza kama ndiyo yote, akanishika mkono.

Siku ya maonyesho wazazi wengi walilizunguka daftari la mizinga na picha za reli. Lakini niliona wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wasiokuwa wa familia ile, wakisimama kwenye ukurasa usio na jina. Mwanamke hakujua kusoma, mwanamume alimsomea. Alipofika mwisho, yule mama aliomba asomewe tena mstari wa kwanza. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejifunza.

Tangu hapo kalamu yangu nyekundu imebadili kazi. Sikuacha kuufundisha usanifu. Anayesema kwamba sanifu haina maana hajawahi kumwandaa mtoto wa Usoke kwa mtihani wa taifa. Lakini nawaeleza wanafunzi kwamba kuna maandishi mawili: yale unayoandika wewe, ambayo nitayasahihisha, na yale unayoandikiwa na mtu mwingine kinywani mwake, ambayo si yangu wala si yako. Katika hayo ya pili tunaruhusiwa kuuliza, si kukata. "Mwaka wa karanga" tunauandika hivyohivyo, na tarehe tunaiweka pembeni, kwa penseli.

Kabla sijahamishwa, msichana aliniletea ubeti. Hakuwahi kuandika shairi kabla, na alisema halina kichwa. Kwa ruhusa yake nauweka hapa, kwa kuwa ninyi ndio mtakaojua kuupima:

*Yuko mtu alikuja, na yuko aliyeletwa,*
*Usiyatie pamoja, hadi moja likafutwa,*
*Na wa pili ana haja, kwa lake neno kuitwa,*
*Mwandishi ukimtaja, andika kwamba kaletwa.*

Mizani ni kumi na sita, nane kwa nane. Vina vya kati vimetimia, na vya mwisho vimetimia. Mtaalamu atasema kwamba *letwa* limerudi mara mbili katika ubeti mmoja, na kwamba mtunzi hodari angetafuta neno jingine la kufungia. Niliuona upungufu huo mara ya kwanza nilipousoma, kalamu ikiwa mkononi.

Niliirudisha mfukoni.